Mtu wa Kwaya Mbele ya Okestra

Ukiwauliza wapenzi wa muziki wa okestra wakutajie waongozaji wakubwa wa karne ya 20, utasikia Toscanini, Furtwängler, Karajan, Bernstein. Robert Shaw atakuja baadaye, kama atakuja, na mara nyingi kwa maneno ya kumpunguza: yule Mmarekani wa kwaya. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Mchana nashika vitabu vya hesabu, jioni nashika kwaya, na kwangu mimi Shaw anawatangulia hao wote. Wao walisimama zaidi mbele ya watu waliosomea ala zao tangu utotoni na wanaolipwa mshahara. Shaw alitumia zaidi ya nusu karne mbele ya watu waliotoka kazini wamechoka, wasiolipwa hata nauli, akawadai kiwango kilekile ambacho angemdai mpiga fidla wa okestra. Hilo la kuwadai ndilo nataka kulisema leo, kwa sababu makwaya yetu yamelikosa, na yamelikosa kwa kisingizio cha upole.

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1916 huko Red Bluff, mji mdogo wa California. Baba yake alikuwa mchungaji, na mama yake aliimba kanisani. Nyumba za namna hiyo tunazijua hata huku kwetu. Mtoto anaweza kushika sauti ya alto kabla hajajua kusoma. Alipoingia Pomona College alikusudia kufuata njia ya baba, akasoma falsafa, fasihi na dini. Muziki aliufanya pembeni, akiongoza kwaya ya wanaume ya chuo. Mwaka 1937 Fred Waring, kiongozi wa bendi iliyokuwa ikisikika sana redioni Marekani, alifika pale chuoni kupiga filamu, akamwona kijana anavyoongoza. Mwaka uliofuata Shaw alikuwa New York, ana miaka 22, ameajiriwa kumwundia Waring kwaya ya redio.

Kwa hiyo alianza kazi bila cheti cha muziki. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Alijua kwamba ana masikio na ana namna ya kuwavuta watu, na alijua pia kwamba hivyo havitoshi. Akamtafuta Julius Herford, mwanamuziki wa Kijerumani aliyekimbilia Marekani, akajifunza kwake kuichambua kazi ya mtunzi mezani kabla ya kuipeleka kwa waimbaji: wapi sentensi ya muziki inaanza, wapi inapumzika, kwa nini mtunzi amerudia hapa na hakurudia pale. Nawajua walimu wa kwaya wengi, wenye vipaji kuliko mimi, ambao hufungua wimbo mpya kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamesimama mbele ya kwaya. Shaw alikuwa na kipaji kuliko sisi sote, na bado akakubali kuketi kama mwanafunzi.

Mwaka 1941 alianzisha Collegiate Chorale jijini New York. Hii haikuwa kwaya ya kulipwa. Ilikuwa ya watu wa kawaida wa jiji, na aliwachukua kwa sauti zao, si kwa rangi wala dhehebu: weusi na weupe, Waprotestanti, Wakatoliki, Wayahudi. Kanisa lililokuwa likiwapa nafasi ya mazoezi halikupendezwa na mchanganyiko ule. Shaw akaondoka na kwaya yake, wakaenda kuimbia kwingine. Miaka michache baadaye kwaya hiyohiyo ya watu wasiolipwa ndiyo iliyoimba kwa mara ya kwanza kazi kubwa ambayo Shaw alimwagiza Paul Hindemith aitunge kwa mashairi ya Walt Whitman, kwa kumkumbuka Rais Franklin Roosevelt na waliokufa vitani. Hiyo ilikuwa Mei 1946. Mtunzi mkubwa wa zama zake anaandikia kwaya ya wananchi, naye hapunguzi ugumu hata kidogo kwa sababu waimbaji wana kazi nyingine mchana.

Toscanini alipokuwa akihitaji kwaya ya kuimba sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven, alimwita Shaw. Aliyewahi kuijaribu kazi hiyo anajua kwamba Beethoven hakuwahurumia waimbaji. Soprano wanapelekwa kwenye A ya juu na kuachwa huko, wakati okestra nzima inanguruma chini yao. Shaw aliwaandaa waimbaji, Toscanini akaja kuongoza onyesho, na rekodi yao ya mwaka 1952 inasikilizwa mpaka leo. Lakini fikiria ilivyo kazi ya namna hiyo. Wiki nyingi unafundisha, unasahihisha, unarudia, halafu usiku wa onyesho mwingine anapanda jukwaani na wewe unakaa pembeni. Shaw aliifanya kwa miaka bila kuiona ndogo.

Kuna pia Robert Shaw Chorale, kwaya ndogo ya waimbaji wa kulipwa aliyoianzisha mwaka 1948. Walizunguka Marekani kwa basi, pamoja na majimbo ya Kusini, enzi ambazo hoteli na migahawa ya huko ilikuwa ikimkataa mtu mweusi kwa sheria, na kwaya ile ilikuwa na waimbaji weusi. Mwaka 1962 serikali yao iliwapeleka Umoja wa Kisovieti, na Shaw akaenda kuwaimbia watu wa huko Misa ya Bach katika B mdogo: saa mbili za misa ya Kilatini katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa imefunga makanisa chungu nzima. Ningeweza kukaa hapo kwa muda mrefu, ila kinachonifaa mimi na wenzangu kiko kwenye chumba cha mazoezi.

Shaw alitenganisha vitu. Wimbo una nota, una mapigo, una maneno, una nguvu ya sauti. Mwimbaji wa kawaida hupewa vyote kwa mkupuo, na akili yake hukimbilia maneno kwa sababu ndiyo anayoyajua. Mengine yote huwa ya kubahatisha. Yeye aliyaondoa maneno kabisa. Waimbaji waliimba nota zao sahihi, kila sauti mstari wake, lakini badala ya maneno walitaja hesabu ya mapigo, nusu kwa nusu, yaani silabi mbili kwa kila pigo, na waliimba kwa sauti ya chini sana. Nota ya mapigo manne haikuwa tena "aaaa" moja ndefu ambayo kila mtu anaiacha anapochoka. Ilikuwa silabi nane, na kila silabi ilikuwa na kazi. Anayetakiwa kuachia kwenye pigo la nne anaachia hapo pamoja na wenzake wote, kwa sababu wote wamelitamka. Pumzi wanavuta mahali pamoja. Sauti ikitakiwa kukua, inakua hatua kwa hatua, kwa kuwa hatua zenyewe zinasikika.

Kwaya yangu inafanya hivyo sasa. Tunahesabu kwa Kiswahili, na hesabu zetu zinaingia vizuri: mo-ja, mbi-li, ta-tu, kila moja inajaza pigo lake lote. Inayosumbua ni nne, kwa sababu mdomo unafungwa, basi tumekubaliana kuiimba "ne-e" na tunasonga mbele. Mara ya kwanza nilipowaambia waimbe wimbo wa Pasaka kwa namba tupu, tena kwa kunong'ona, besi mmoja, dereva wa Noah za Moshi na Marangu, aliniuliza kama tunaimba au tunahesabu abiria. Tulipofika ukurasa wa pili hakuwa anauliza tena, kwa sababu alisikia, na sote tukasikia, kwamba waimbaji wa sauti ya tena walikuwa wakiingia mapema mahali ambapo kwa miaka tulidhani besi ndio wanachelewa.

Makwaya yetu yana faida moja ambayo Shaw hakuwa nayo. Sisi tumelelewa na solfa. Nota zile za d, r, m zilizofanyiwa kazi na mchungaji wa Kiingereza John Curwen katika karne ya 19, zikaletwa na wamisionari, bado ndizo zinazofundisha wimbo huku vijijini kuliko kinanda chochote. Na katika maandishi ya solfa kila pigo lina nyumba yake. Nukta mbili zinatenga pigo na pigo, nukta moja inakata pigo katikati, na sauti inapoendelea bila kubadilika kunawekwa kistari. Nimewaangalia waimbaji kwa miaka. Wakifika kwenye kistari wanapumzika. Macho yanaondoka kwenye karatasi, mabega yanashuka, mwingine anamtazama mwenzake. Kile kistari wanakiona ni nafasi tupu, kumbe mtunzi ameandika pale pigo zima la kuimbwa. Tulipoanza kuhesabu, vistari vyote vilipata namba, na sauti za mwisho wa sentensi, ambazo kwenye kwaya yetu zilikuwa zikififia kila moja kwa wakati wake, zikaanza kuisha kwa pamoja.

Jambo la pili ni ule ukimya. Shaw aliamini kwamba mazoezi si mahali pa kumaliza sauti. Kwetu ni kinyume. Soprano hupiga kelele kwa saa mbili Jumamosi jioni, na Jumapili asubuhi wanapanda mimbarini wamekauka. Wakiimba chini, mambo mawili yanatokea. Kwanza sauti zinabaki. Pili, wanasikiana, na kwaya inayosikiana inagundua yenyewe kwamba imeshuka. Kwaya inayopiga kelele hushuka nusu toni nzima kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa tatu na hakuna anayejua ila mpiga kinanda.

Kuna zoezi lake moja ambalo ningependa kila mwalimu wa kwaya alijaribu. Kwaya nzima inaimba nota moja, kwa sauti ya chini. Kisha unawaambia wapande nusu toni tu, hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda, lakini waipande kwa mapigo 16 ya taratibu, kwa kuteleza, wafike wote kwa pamoja kwenye pigo la mwisho. Linasikika jepesi. Mara ya kwanza tulipolifanya, kufika pigo la tano besi walikuwa wameshafika juu wanasubiri. Alto walikuwa bado chini. Katikati palikuwa na mngurumo mzito, na nyuso zikaanza kunigeukia kutaka nisimamishe. Sikusimamisha. Tukarudia, tukarudia tena jioni nyingine, na tena. Siku ilipotokea kwamba wote wamepanda pamoja, sauti thelathini na kitu zikiwa zimebanana katikati ya nota mbili bila hata moja kutangulia, mama mmoja wa alto alifunika mdomo kwa kiganja. Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote aliyoimba hakuwahi kujisikia yuko ndani ya sauti za wengine. Siku zote alikuwa kando yao.

Maneno Shaw aliyarudisha mwisho, na aliyarudisha kwa ukali. Irabu iangukie kwenye pigo, konsonanti itangulie. Kwa Kiswahili hili lina uzito wa pekee. Wimbo ukianza na "Mbingu", ile m inataka muda wake kabla ya pigo, ili "bi" iangukie pigo lenyewe. Kwaya ikisubiri pigo ndipo ianze kufunga mdomo, imeshachelewa, na mpiga kinanda ataonekana anakimbia. Nyimbo zetu nyingi zimejaa mb, nd, bw, mw. Nasikia watu wakilaumu kwamba kwaya fulani "inavuta". Mara nyingi haivuti chochote. Inaanza kutamka pigo likiwa limekwisha kupita.

Sasa nirudi kwenye okestra, maana huko ndiko safari yake ilikonigusa zaidi. Mwaka 1956 Shaw alikuwa mtu maarufu. Rekodi zake ziliuzwa sana, na alikwisha kuongoza okestra ya San Diego kwa miaka kadhaa. Angeweza kubaki mfalme wa kwaya. Akaenda Cleveland kuwa msaidizi wa George Szell, mzaliwa wa Hungaria ambaye wanamuziki walimwogopa kwa ukali wake, na ambaye okestra yake ilisifiwa kwa usafi kuliko karibu zote za Marekani. Shaw alikaa chini yake miaka 11. Alisimamia kwaya ya okestra, nayo ya watu wa kujitolea, na huku akijifunza namna okestra inavyojengwa.

Naelewa kwa nini alihitaji hilo, kwa sababu mimi nina okestra yangu ndogo. Usharika wetu, kama sharika nyingi za Kilutheri za Kaskazini, una bendi ya tarumbeta, urithi wa Wajerumani, na kwenye sikukuu kubwa kwaya na tarumbeta huimba na kupiga pamoja. Ni dunia mbili. Wanakwaya wanasoma solfa, na kwa solfa d ni d popote utakapoiweka. Ukiwapandishia kinanda kidogo hawana shida. Wapiga tarumbeta wanasoma nota za mistari, na ala zao zimetengenezwa katika B bapa. Ukibadili ufunguo dakika za mwisho ili kuwaokoa soprano, umewatupa tarumbeta kwenye vidole wasivyovijua. Kwa hiyo ufunguo lazima uamuliwe mapema, na karatasi yangu mimi lazima iwe na maandishi ya aina zote mbili, moja juu ya nyingine.

Halafu kuna mikono. Mwalimu wa kwaya huongoza kwa uso na kwa mdomo. Anatamka maneno na waimbaji, anachora sentensi hewani, anainua kiganja pale anapotaka upole. Kwaya inayomjua inamfuata hata akisimama bila kusogeza mkono. Mpiga tarumbeta hana haja na mdomo wako. Ana mapigo ya kunyamaza mengi, anahesabu, na anataka kuona pigo la kwanza liko wapi, chini kabisa, kila safari, mahali palepale. Mtu aliyelelewa na kwaya anapofika mbele ya okestra hupenda kuchora mawimbi mazuri, na wapigaji wanabaki wakitazamana. Wapo waliomtazama Shaw kwa jicho hilo mpaka mwisho, kwamba ni mtu wa kwaya aliyevamia okestra. Lakini alivyoipeleka kwaya kwenye okestra, vivyo hivyo alichukua vitu vya kwaya akawapa wapigaji: kuvuta pumzi kabla ya sentensi, kusikiliza jirani kabla ya kujisikiliza, kuimaliza nota mpaka mwisho wake. Nimewafundisha tarumbeta wetu kuimba mistari yao kwanza, kwa namba, kabla ya kushika ala. Wanavyopiga baada ya hapo ni tofauti kabisa.

Mwaka 1967 aliitwa Atlanta kuongoza Atlanta Symphony. Jiji lilikuwa bado lina kovu. Miaka mitano nyuma, Juni 1962, ndege iliyowabeba wapenzi wa sanaa wa Atlanta zaidi ya 100 waliokuwa wakirudi kutoka ziara ya Ulaya ilianguka ilipokuwa ikiruka Orly, Paris. Na Atlanta ilikuwa ndiyo kwao Martin Luther King, aliyeuawa Aprili 1968, mwaka wa kwanza wa Shaw ukiwa haujaisha. Okestra aliyoikuta ilianza kama okestra ya vijana mwaka 1945, na wanamuziki wengi hawakuwa wa kudumu. Aliijenga mpaka ikawa okestra kamili ya kulipwa, na mwaka 1970 akaanzisha kwaya yake: watu wapatao 200, wote wa kujitolea.

Kila mwaka kila mmoja wao alipimwa sauti upya. Hata aliyeimba tangu mwanzo alisimama tena na kupimwa kama mgeni. Hapa najua wasomaji wangu wengi, hasa wazee wa makwaya, watakunja uso. Kwetu aliyeingia kwaya ameingia mpaka afe au ahame. Nami sitamwondoa mama aliyeimbia usharika huu tangu mimi sijazaliwa. Kwaya ya kanisa ni familia pia, na Shaw hakuwa na jukumu la kumzika mwanakwaya wake na kuwalea watoto wake. Ila kumsikiliza kila mtu, peke yake, kila mwaka, hilo nimelichukua. Simfukuzi mtu. Najua tu nani akae karibu na nani, nani sauti yake imeshuka kutoka soprano kwenda alto na anaogopa kusema, nani anaimba kwa sikio la jirani. Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha kundi. Sasa nafundisha watu.

Mwaka 1972 bodi ya okestra ilitaka kumwondoa. Alikuwa akiweka muziki mpya mno kwenye ratiba, Charles Ives na watunzi wengine wa karne ya 20, na wanunuzi wa tiketi walilalamika. Wananchi wa Atlanta walisimama upande wake, tiketi za msimu zikanunuliwa, bodi ikarudi nyuma. Alibaki mpaka 1988. Mimi nalisoma tukio lile hivi: mtu aliyekuwa ameleta mamia ya wakazi wa jiji ndani ya ukumbi kama waimbaji, na nyuma yao wake, waume, wazazi na majirani, hakuwa tena mwajiriwa wa bodi peke yake. Okestra nyingi hutafuta wasikilizaji kwa matangazo. Yeye aliwatengeneza kwa kuwapa kazi ya kufanya.

Na aliwaandikia. Baada ya mazoezi Shaw alikuwa akikaa na kuwaandikia wanakwaya barua, barua ndefu, juu ya Bach, juu ya pigo lililopotea ukurasa fulani, juu ya kwa nini watu wazima waache familia zao jioni kwenda kuhesabu mapigo. Wapo waliozitunza mpaka uzee. Mimi nina kikundi cha WhatsApp cha kwaya, ambacho kazi yake ilikuwa kutangaza misiba na michango ya sare. Nimeanza kuandika humo baada ya kila zoezi, aya chache: nini kimekaa sawa leo, nini bado, ukurasa gani wautazame nyumbani. Mwanzoni nilijibiwa kwa alama za mikono ya kuomba. Siku hizi wanabishana nami.

Ubishi mkubwa zaidi ulitoka kwa kiongozi mmoja wa kikundi, mtu ninayemheshimu sana. Alisema kwenye kikao kwamba nawabana watu bure. Hawalipwi, wanamwimbia Mungu, Mungu anatazama moyo. Kabla sijajibu, dada mmoja wa soprano, muuguzi, aliomba nafasi. Alisema anatoka zamu ya usiku, analala saa chache, anapanda daladala mbili kuja mazoezini, na kama ni kuimba ovyoovyo angebaki kuimbia jikoni kwake. "Usituambie vizuri kama si vizuri, Mwalimu. Tutajua unatuonea huruma." Hakuna aliyemjibu, na mazoezi yakaendelea.

Dada yule hajawahi kusikia habari za Atlanta, lakini ndivyo walivyosema pia watu wengi waliomwimbia Shaw. Alikuwa mkali, alikasirika, aliweza kusimamisha kwaya ya watu 200 kwa ajili ya s moja iliyotoka mapema. Na walirudi mwaka baada ya mwaka, wakapimwa tena, wakatumia likizo zao kwenda naye Ulaya mwaka 1988, ambako waliimba Simfoni ya Tisa mpaka Berlin ya Mashariki, ukuta ukiwa bado umesimama. Tuzo zake zilikuwa nyingi: Grammy zaidi ya 10, heshima ya Kennedy Center mwaka 1991. Aliendelea kuongoza na kurekodi mpaka miezi ya mwisho. Alifariki tarehe 25 Januari 1999 huko New Haven, Connecticut, akiwa na miaka 82. Kwaya ya Atlanta ipo, na mpaka leo ni ya watu wa kujitolea.

Kwetu huku tunaandaa Haleluya ya Handel kwa Kiswahili, pamoja na tarumbeta, kwa ajili ya Pasaka. Kila mtu anadhani anaijua, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana kila usharika una makosa yake ambayo yameshakuwa desturi. Mwaka 1966 Shaw aliirekodi Masihi yote, ile kazi ya Handel yenye Haleluya hiyo, kwa kwaya ndogo, nyepesi, isiyo na mbwembwe, wakati ambapo wengi waliizoea kwa mamia ya waimbaji. Nimewasikilizisha vijana rekodi hiyo kwa simu na spika ndogo. Walishangaa kwamba haina kelele. Tumekwisha pitia kurasa nne kwa namba. Waimbaji wawili wa tena wanaohama sauti tumewapanga upya, ufunguo tumeuacha D kama alivyouandika Handel, ingawa tarumbeta wanaulalamikia, na kijana mmoja wa sekondari ambaye ameanza kusoma nota za mistari ndiye atakayewaongoza wapigaji kwenye mazoezi yao ya peke yao. Maneno tutayaweka baada ya Kwaresima kufika katikati. Kama kuna mwalimu wa kwaya karibu na Moshi anayetaka kuja kusikiliza, tunafanya Jumatano na Jumamosi saa kumi na moja jioni. Aje na karatasi yake ya nota, maana tutamweka kwenye sauti.